Hodi Niliyopiga Kwenye Hamamu la Kidichi

Aibu yangu mimi ina jina, na jina lenyewe ni Bi Hamamu, na kama mmewahi kupita nami sokoni Darajani mkasikia mtu wa shamba ananiita hivyo huku kafunika mdomo kwa ncha ya kanga, basi leo nitakuelezeni lilikotoka, maana naona mnataka kuuliza tangu zamani ila mnanionea haya. Msinionee haya. Nilishafedheheka mbele ya kitongoji kizima, wake kwa waume, mchana kweupe, chokaa kichwani na utando wa buibui juu ya buibui langu, kwa hivyo mbele yenu hapa sina tena cha kuficha. Sehemu ya kuchekesha nitaisema haraka haraka. Ile nyengine nitaisema taratibu, na mtanisamehe nikinyamaza hapa na pale.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, mwaka ambao bei ya karafuu ilianguka, na karafuu ikianguka Unguja hakuna asiyesikia kishindo chake, hata asiyemiliki mkarafuu hata mmoja. Mimi, Raya, nilikuwa sijafika umri wa miaka thelathini, mjane asiye na mtoto, nikiimba katika chama cha taarabu cha wanawake hapo Kikwajuni tulichokiita Ridhaa. Mkubwa wetu alikuwa Bi Mauwa, mwanamke mnene, mpole wa sauti na mgumu wa shingo, aliyekuwa akipiga ngoma ya dumbaki vizuri kuliko mwanamme yeyote niliyemsikia (na wanaume wenyewe walilijua hilo wakalinyamazia). Fidla tukipigiwa na Mzee Sefu, mtu mzima, mwembamba, hana mke hana mtoto, tangu ujana wake hajui kazi nyengine ila kuweka fidla begani na kuifanya ilie.

Chama chetu kiliishi kwa mikono ya watu, ndivyo ilivyokuwa. Harusini mwanamke akiguswa na wimbo anainuka, anakuja kututunza kwa fedha huku anacheza, na matajiri wenye mashamba wakituita majumbani kwao, na wenye maduka wakituletea mchele wa Sikukuu bila ya kuombwa. Mwaka ule yote yalikatika kama maji ya mfereji. Watu walioana kwa fatiha, tende na kahawa, wakaenda zao. Mwenye nyumba tuliyokuwa tukifanyia mazoezi alirudi mjini na wanawe wote kwa sababu shamba halimlishi tena, akatuomba nyumba yake kwa upole, tukatoka, tukahamia ukumbini kwa Bi Mauwa baina ya vikapu na kuku. Mzee Sefu alikuwa akila kwa sahani tulizomletea baada ya mazoezi, na sahani nazo zikaanza kupungua, kila mmoja wetu akidhani mwenziwe kaleta. Siku moja nikamwona ameinua upinde, mkono unamtetemeka, akaushusha, akasingizia baridi, na mwezi wenyewe ulikuwa wa joto. Wiki ile ile tukasikia kuwa ameipeleka fidla kwenye duka moja la vitu vya zamani huko Mji Mkongwe, muuzaji aitazame thamani yake.

Bi Mauwa akavaa buibui lake zuri akaenda ofisi moja ya serikali. Karani akamwambia kwa adabu kabisa kuwa mwaka huu msaada uliopo ni wa wakulima na wavuvi, mambo ya nyimbo yasubiri hali itengenee. Alirudi, akavua viatu, akakaa.

"Nyimbo zinaweza kusubiri," alisema. "Sefu hawezi."

Basi akaamua twende kwa watu wenyewe. Hatutaomba fedha, alisema, tutakwenda mashamba, tutaimba bure, kila mtu atoe alichonacho, muhogo, nazi, kikombe cha mchele, hata kuni. Tukaanza na Kidichi, kwa sababu Sheha wa huko, mkuu wa kitongoji, Mzee Pandu, alikuwa akijuana na marehemu mume wake. Huyo Mzee Pandu alikuwa mtu mkavu, maneno yake machache, na alipoombwa alijibu kwamba kuja tuje, ila yeye hatuahidi kitu.

Tukaenda. Tulipanda gari la shamba asubuhi, wanawake wanane na Mzee Sefu na ala zetu (fidla alikubali kuichukua tena dukani kwa siku ile), tukatandika mikeka mbele ya nyumba ya Sheha, tukaimba. Watu walikuja. Walikaa mbali kidogo, wakasikiliza vizuri tu, na tulipomaliza waliinuka mmoja mmoja wakapangusa nguo zao wakaondoka. Kikapuni mwetu viliingia vipande viwili vya muhogo, na nnadhani kimoja ni cha mke wa Sheha. Mwanamke mmoja wa makamo, nikaja kujua baadaye kuwa anaitwa Bi Tatu, alisema, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayefikiri kwa sauti, kwamba mwimbaji anataka kulishwa, na wao wenyewe je, nani atawalisha. Mimi niliona uso unaniwaka, maana ndiye niliyeimba, na nilijua kuwa siku ile sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba.

Gari la kurudi mjini halikuwa linakuja mpaka alasiri. Jua lilikuwa la utosi, wenzangu wamejilaza chini ya banda, na mimi sikuweza kukaa macho kwa macho na kile kikapu, nikasema nakwenda kunyoosha miguu. Nikaufuata ule ujia unaopita baina ya mikarafuu mpaka kwenye hamamu la kale, nyumba ya kuogea, lile alilojengewa mke wa Kiajemi wa Seyyid mmoja wa zamani. Mnalijua, lina mapaa ya mviringo kama vichwa vilivyonyolewa. Siku hizo hakuna aliyekuwa akiingia. Wenyeji wakipita adhuhuri huchapua mwendo, kwa sababu adhuhuri na magharibi ndizo saa wanazoziogopa. Mimi mtoto wa mjini, nilijifanya sijui.

Ndani kulikuwa na baridi. Mwanga uliteremka kwenye matundu ya paani ukasimama chini kama sahani. Kuta zina maua na ndege wa chokaa waliochongwa, nusu wameshapukutika, na chini birika kavu lenye majani makavu ndani yake. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, dogo kabisa. Nilitaka kujua kama sauti ninayo au imeniacha. Nikafungua mdomo nikaimba ubeti mmoja, ule ule walioondoka nao bure asubuhi:

*Mgeni nabisha hodi, mlango nifungulie,*
*Nimekuja kwa kusudi, kidogo nikuimbie.*

Wallahi sijawahi kujisikia vile. Lile paa liliichukua sauti likaikuza, likaizungusha, likanirudishia ikiwa nzito na tamu, nikasikia raha nikaimba ubeti wa pili, kwa nguvu zaidi. Wimbo wetu ulikuwa wa beti mbili tu. Nilipomaliza nikasimama kusikiliza mwangwi ukififia, na ukafifia, ukaisha, pakawa kimya. Halafu baada ya kimya ile sauti ikavuta pumzi.

Nimekwambieni nitaisema taratibu. Mwangwi hauvuti pumzi. Lakini akili ya mtu ikikosa pa kushika hushika popote, nami nikajiambia ni popo, au ni upepo katika tundu, nikatoka huku natembea, sikukimbia (nilijizuia), na nilipofika nje nikaona furushi la kuni limetupwa katikati ya njia, na hakuna mtu.

Sikumwambia mtu yeyote. Tulirudi mjini na vipande vyetu viwili vya muhogo, Mzee Sefu akala kimoja akasema kitamu.

Haikupita muda mrefu, habari zikafika Darajani kwa wauza mboga: hamamu la Kidichi linaimba. Mwanamke aliyekuwa akiokota kuni kalisikia kwa masikio yake, mchana, sauti ya kike nzuri isiyo na mfano, na tangu hapo watu wa vitongoji vyote vya karibu wanapeleka vitu: mchele, mayai, halua, marashi, ubani, kuku hata. Nikamwendea Bi Mauwa nikiwa nimejishika mbavu kwa kicheko, nikamweleza kuwa jini lenyewe ndiye mimi. (Ile habari ya pumzi sikumwambia.) Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa anapepeta mchele uliokuwa hauenei ungo, akasita.

"Kumbe wanavyo," alisema.

Akaendelea kupepeta, kisha akasema kwamba haifai, watu wasidanganyike kwa sababu yetu, wala chakula kisiozee kwenye magofu katika mwaka kama huu, kwa hivyo niende kwa Mzee Pandu, nimweleze ukweli wote, kabla jambo halijawa kubwa. Yeye mwenyewe mguu ulikuwa umemvimba, asingeweza gari. Niende peke yangu, niseme, nirudi. Jambo la kusema na kurudi tu.

Nikafika Kidichi jua linapanda. Sheha hayupo, kaenda shambani, na mkewe pia hayupo. Nikakaa barazani pao nikaona kila apitaye ananitazama, yule mwimbaji wa mjini kaja tena kuomba, na uso ukaanza kuwaka kama ile siku ya kwanza. Nikasema, basi ngoja nipite hamamuni nikaone hivyo vitu, nitakuwa na la kumwambia Mzee Pandu. Haya, mtu mwenye akili timamu angebaki barazani.

Walikuwa wameweka kweli. Kwenye chumba cha kwanza kulikuwa na mikeka midogo imetandikwa, na juu yake vikapu vya mchele, mayai katika kibakuli, kipande cha halua kimefunikwa kwa jani, mikate ya mofa, chupa ya marashi ya mawaridi bado ina kizibo chake, na chetezo kinafuka ubani. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Sikugusa kitu, naapa kwa Mola wangu, nilisimama tu kama paka mbele ya samaki wa watu. Ndipo nikasikia nyayo nje na sauti za watu, wengi, wanakuja.

Sasa fikirini nanyi. Mlango ni mmoja. Nikitoka, ndio natoka kwenye chakula cha sadaka, mimi niliyekuja na kikapu mwezi uliopita. Nani ataamini kuwa sikuja kuiba? Nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi ya pili, nikainama nikaingia kile chumba cha ndani chenye birika, nikajibanza ukutani, na chokaa ikanimwagikia kichwani kama unga.

Walikuwa watu wa Kidichi, niliwajua kwa sauti zao. Sheha alikuwa pamoja nao, nadhani walimwita aje ashuhudie. Hawakuingia, walikaa nje mlangoni, wakaanza kusubiri, na mimi ndani nikaanza kusubiri waende. Hawakwenda. Kulikuwa na joto nje lakini kile chumba kilinipoza mpaka mifupani, na harufu ya mawaridi ikaja, nikajiambia ni ile chupa, halafu nikakumbuka chupa ina kizibo. Na katika birika lile nililoliona kavu, nikasikia tone la maji. Likatulia. Likadondoka jengine. Sikugeuza kichwa kutazama, na mpaka leo sijui kwa nini nilihisi kwamba nikigeuza nitakuwa nimemkatiza mtu.

Kisha Bi Tatu akasema. Ndiye yule wa kuni, ndiye yule aliyeuliza nani atawalisha wao. Alisogea karibu na mlango, akazungumza kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Alisema tangu mwaka huu uanze nyumbani kwake hasikii ila hesabu na ugomvi, mume hasemi nae, wanawe wakubwa wameondoka kutafuta vibarua mjini, na yeye hujilaza akaona kama masikio yake yamekufa. Na siku ile ya kuni aliogopa akakimbia, na alipofika nyumbani akalia, na kilio kilikuwa kizuri.

"Sikukuletea mayai kwa kuogopa," alisema. "Nimeleta uimbe tena."

Mngefanya nini? Mimi niliimba. Niliimba kwa sababu aliniomba, na kwa sababu hakuna mtu aliyepata kuniomba hivyo, hata harusini. Nikaanza taratibu, *Mgeni nabisha hodi*, na lile paa likaipokea kama mara ya kwanza, na nje pakawa kimya mpaka nikasikia majani. Na chini ya sauti yangu kulikuwa na sauti. Ilikuwa chini kidogo, inanifuata kama Mzee Sefu anavyomfuata mwimbaji kwa fidla, inajua ninakokwenda. Nikasema moyoni ni mwangwi. Nikashikilia hapo, ni mwangwi, nikamaliza beti zangu mbili nikanyamaza, nayo ikanyamaza.

Nje watu wanalia kwa sauti za chini. Mtu akauliza, mwanamme, sijui nani, kwa heshima kubwa, ati bibi mwenye nyumba hii anahitaji nini, waambiwe wakilete.

Hapa ndipo pa kuchekesha, chekeni. Kama ningenyamaza, wangekaa kidogo wakaenda zao, nami ningetoka kwa usalama. Lakini mbele ya macho yangu nikaona mkono wa Mzee Sefu unatetemeka juu ya upinde, na ulimi ukatangulia akili. Nikaivuta sauti, nikaifanya nzito, nikatamka:

"Wapelekeeni waimbaji wa Ridhaa. Kikwajuni. Nyumba ya pili baada ya kisima."

Niliwasikia wakifikiri. Halafu ikaja ile sauti kavu ya Mzee Pandu, wala hakuipandisha.

"Bi Raya. Toka nje."

Nikatoka. Niliinama kwenye ule mlango mfupi, kichwa cheupe kama bibi wa miaka mia, utando umenipita usoni, buibui limenasa msumari wa zamani likachanika mpaka gotini, na jua la utosi likanipiga machoni nikasimama nafumba na kufumbua kama bundi. Kitongoji kizima kilikuwepo. Kwanza alicheka mtu mmoja nyuma, akajizuia, akacheka mwengine, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia, wanaume wamejishika magoti, wanawake wanagongana mabega, mtu anarudia "baada ya kisima, baada ya kisima." Nilitamani ardhi inipokee. Lakini hayo yote ningeyabeba. Kilichoniuma ni Bi Tatu, hakucheka. Alinitazama kwa macho yaliyokuwa bado yana maji.

"Kumbe wewe tu," alisema.

Nikafungua mdomo kumwomba radhi. Na neno halijatoka, kicheko kikakatika. Kilikatika kuanzia mbele, kwa wale waliokaa karibu na mlango, kikaenda kikifa kuelekea nyuma, kama taa zinazozimwa moja baada ya nyengine, mpaka yule wa mwisho aliyekuwa akisema "kisima" akabaki na neno nusu. Walikuwa hawanitazami mimi tena. Walitazama mgongoni kwangu.

Ndani ya hamamu wimbo ulikuwa unaendelea.

Ilikuwa ni ile sauti ya chini kidogo, safi, haina haraka, kwa lahani yetu ile ile, lakini maneno siyo yangu. Nimekwambieni wimbo wetu ulikuwa wa beti mbili. Huu ulikuwa wa tatu, na sikuwahi kuusikia kwa mtu yeyote:

*Mgeni wangu karibu, mlango haukufungwa,*
*Nimengoja kwa taabu, pekee nilipotengwa.*

"Umekuja na nani?" Mzee Pandu aliniuliza, kwa kunong'ona.

"Peke yangu."

Alinitazama, akatazama mlango. Hakuna aliyekimbia, na hilo nalistaajabia mpaka leo, watu wale wanaochapua mwendo wakipita pale, walikaa palepale chini wakasikiliza kama tulivyowaona wakitusikiliza sisi, ila safari hii hakuna aliyekuwa akipangusa nguo. Sheha akavua viatu, akapiga bismillahi, akaingia na wanaume wawili. Tuliwasikia wakitembea ndani. Sauti haikusita. Walisema baadaye kuwa kila walipoingia chumba waliisikia ipo katika chumba kinachofuata, na walipokifikia cha mwisho waliisikia ipo katika kile walichotoka. Wakarejea nje. Wimbo ukaisha wenyewe, bila ya kukatwa, na ikawa adhuhuri ya kawaida, kunguru wanalia kwenye minazi. Upindo wa kanzu ya Mzee Pandu ulikuwa umelowa maji mpaka vifundoni. Aliutazama, akaukamua kwa mikono miwili kwa utulivu, na maji yakadondoka mchangani mbele yetu sote.

Nilidhani sasa watanipiga. Nilidhani watasema nimeleta balaa, nimemwamsha aliyelala. Niko pale nimeshika buibui langu lililochanika, nalia, nawaeleza kuhusu Mzee Sefu na fidla iliyoko dukani, maneno yanatoka bila mpango, hakuna aliyeniuliza. Mzee Pandu alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaingia tena ndani peke yake, akatoka na kikapu cha mchele na kile kibakuli cha mayai, akaviweka miguuni pangu.

"Huyo wa ndani hali," aliwaambia watu wake. "Huyu anakula."

Bi Tatu ndiye aliyeinuka kwanza. Aliifunga mikate kwenye kanga yake mwenyewe, akaiweka kichwani pangu kama anavyotwikwa bibi harusi, akanipangusa chokaa usoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama mama aliyekasirika. Akaniambia nikitaka kuimba niimbe hapa nje nionekane, na nije na huyo mzee na fidla yake, na mimi nisijifiche tena ndani ya nyumba ya mtu. Halua na marashi hawakunipa. Walivirudisha ndani, wala sikuuliza.

Mzee Sefu alikula siku ile mpaka akasinzia ameegemea ukuta, na asubuhi yake alikwenda mwenyewe dukani akaichukua fidla. Tukawa tunakwenda Kidichi kila baada ya sala ya Ijumaa, tunaimba kwenye uwanja mbele ya nyumba ya Sheha, na kila mtu anakuja na chake, kidogo kidogo, wengine huja na jembe lao mkononi wakasikiliza wimbo mmoja wakaacha nazi moja wakaenda. Bububu nao wakatuita, na vitongoji vyengine. Karafuu haikupanda, si mwaka ule wala uliofuata, lakini chama hakikufa. Na habari yangu ilifika mjini kabla yangu, kisima na yote, nikapata hilo jina.

Somo? Somo langu ni kwamba ukiwa na shida na watu, simama mbele yao useme, hata kama sauti itatoka nyembamba, kuliko kuingia gizani ukazungumza kwa sauti nzito. Na nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja, siimbi mahali nisipoona nyuso za watu, wala jikoni kwangu, wala nikifua. Bi Mauwa alitaka ule ubeti wa tatu tuutie kwenye wimbo, alisema ni mzuri na wimbo uliuhitaji. Nikamwambia wautie, lakini si kinywani mwangu. Basi ikawa tukifika hapo mimi nafunga mdomo, na Mzee Sefu anaupiga kwa fidla peke yake, bila maneno, na kule Kidichi hakuna mtu anayeinuka kututunza fidla ikipiga ubeti ule. Wanageuza vichwa kuelekea kwenye mikarafuu, wananyamaza, wanasubiri amalize, na mimi nakaa nimeinamisha uso, kwa sababu mara nyengine fidla ikishanyamaza, yule wa ndani ya hamamu huwa bado hajamaliza.